Maji Yakipwa: Mchezo wa Watoto katika Pwani ya Tanga na Faida Zake

Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi kuwa mpevu, bahari katika pwani ya Tanga hukupwa kuliko siku nyingine zote, na maji huwa chini kabisa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi. Wenyeji huyaita maji hayo bamvua. Katika vijiji kama Mwambani na Kigombe kina mama hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza kwenye miamba iliyoachwa wazi, na nyuma yao hufuata watoto. Hao hawana kazi maalumu. Mmoja anafukua tundu la kaa. Wawili wanashindanisha vidau vya makumbi ya nazi katika kidimbwi. Wa nne amechuchumaa kando ya jiwe. Amemlaza chali kiti cha pweza, na sasa anangoja kuona atajigeuzaje. Maji yanapoanza kurudi, wote hupanda nchi kavu bila ya kuitwa na mtu.

Mzazi apitaye hapo yamkini atasema kwamba watoto hao wanapoteza wakati ambao wangeutumia kusoma. Rai hiyo imezidi kuenea kadiri masomo ya ziada ya jioni na ya siku za mapumziko yanavyoongezeka, na kadiri simu na televisheni zinavyowaweka watoto ndani. Hata hivyo, uchunguzi wa kisayansi wa miaka ya karibuni unaelekea upande mwingine. Makala haya yanaeleza mchezo wa nje unamjengea mtoto nini katika akili na mwili wake, na pia yanaeleza hatari zake, kwa kuwa katika pwani yetu faida na hatari hukaa mahali pamoja na hutenganishwa na hatua chache tu, au saa chache.

Mchezo unaokusudiwa hapa si mpira wa kufundishwa wala mashindano ya shule. Ni ule mchezo ambao mtoto anauanzisha mwenyewe, mahali penye udongo, maji, miti na viumbe hai, na ambao masharti yake huwekwa na wachezaji.

Maarifa yanayokua pamoja na mtoto

Kisiwa cha Pemba kinakabiliana na Tanga ng'ambo ya mkondo wa bahari wenye upana wa kilomita zipatazo 50. Huko watafiti watatu, Ilaria Pretelli, Monique Borgerhoff Mulder na Richard McElreath, walichunguza jinsi watoto wanavyopata maarifa ya mazingira yao, na matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2022. Waliwahoji watoto na vijana 93, wenye umri wa miaka 4 hadi 26, kisha wakapima kwa hesabu jinsi maarifa ya kila mmoja yalivyohusiana na umri wake, shughuli zake, jamaa anaoishi nao na elimu yake ya shuleni.

Mambo mawili katika matokeo hayo yanafaa kuzingatiwa na kila mwalimu. La kwanza ni kwamba maarifa ya mazingira huongezeka katika kipindi chote cha utoto na ujana, lakini si kwa mwendo mmoja: ongezeko la kasi zaidi ni la watoto wadogo. La pili ni kwamba tofauti baina ya wavulana na wasichana huanza kuonekana katikati ya utoto, na tofauti hiyo hupitia katika shughuli ambazo kila upande hushiriki. Yaani msichana hakosi maarifa ya bahari kwa sababu ni msichana. Anayakosa anapokuwa hayuko baharini.

Uchunguzi huo haukupima mchezo peke yake, maana kwa mtoto wa pwani mchezo na kazi havina mpaka ulio wazi. Mtoto anayeokota makombe kwa kucheza leo, kesho ataleta nyumbani kitoweo. Walakini jambo moja linafuata kwa urahisi: ikiwa miaka ya mwanzo ndiyo ya kasi, basi mtoto anayefungiwa ndani hadi aanze darasa la kwanza amekwisha kupitwa na sehemu ya somo ambalo shule haina wakati wa kulirudia.

Mwalimu Nyerere aligusa ugonjwa wa namna hii mwaka 1967 katika maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea, alipolalamika kwamba shule zilikuwa zikiwafanya wanafunzi waamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni. Lalamiko hilo halijazeeka.

Kidau cha kumbi

Yafaa sasa kukitazama kwa makini kimojawapo cha vitu vya kuchezea. Mtoto wa Tanga huchukua kumbi la nazi, hutoboa katikati kwa njiti ya ukuti, na kwenye njiti hiyo huchomeka jani la mkungu liwe tanga. Huweka chombo chake majini. Upepo ukivuma, kidau hupinduka.

Sasa mtoto anakabiliwa na swali la fizikia, ingawa halijui kwa jina hilo. Aghalabu jibu lake la kwanza ni kulipunguza tanga. Kidau hakipinduki tena, lakini kinakwenda polepole na mwenzake anamshinda. Ndipo anapojaribu kuweka kijiwe ndani ya kumbi, kama mabaharia wanavyotia farumi katika jahazi. Kijiwe kikiwa kidogo hakifai. Kikizidi, kidau huzama. Akiendelea kujaribu, atapata uzito unaofaa, na ataona pia kwamba kijiwe kilichokaa chini kabisa hufaa zaidi kuliko kilichokaa juu. Mtoto mwingine hafuati njia hiyo. Yeye hufunga vijiti viwili vya kukingama na kuvitia vielezi pande zote mbili, kama mirengu ya ngalawa alizoziona zikirudi kutoka uvuvini.

Katika kidato cha kwanza na cha pili mambo hayo hufundishwa kwa majina ya kituo cha uzito, msawazo na kanuni ya Archimedes. Farumi hushusha kituo cha uzito. Mirengu hupanua msingi unaokizuia chombo kuinama. Mwanafunzi aliyewahi kupinduliwa vidau ishirini hulipokea jina la kanuni kama mtu anayetajiwa jina la jirani anayemfahamu kwa sura. Asiyewahi kufanya hivyo hana budi kulikariri.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mchezo peke yake unatosha. Mtoto aliyegundua farumi anaweza kuamini maisha yake yote kwamba kijiwe "kinakipa kidau nguvu". Hakuna kitu katika mchezo chenyewe kitakachomsahihisha, kwa sababu kidau chake kinakwenda vizuri. Hapo ndipo penye kazi ya mwalimu. Mchezo humpa mtoto matukio, na shule humpa njia ya kuyafikiri. Upande mmoja ukikosekana, mwingine huenda kwa mguu mmoja.

Tiara nayo hufundisha upepo. Mrusha tiara hujua kwamba asubuhi na mapema upepo hutoka nchi kavu, nao huitwa umande, na kwamba kadiri jua linavyopanda upepo hugeuka ukatoka baharini. Sababu yake ni kuwa ardhi hupata joto na kulipoteza upesi kuliko maji. Mchana hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata moto, huwa nyepesi na kupanda, na ile ya baharini huja kushika mahali pake. Usiku mambo hugeuka. Juu ya mabadiliko hayo ya kila siku kuna yale makubwa ya mwaka, kaskazi na kusi, ambayo mtoto huyatambua kwa kuona tiara yake ikielekea upande usiokuwa wa miezi iliyopita.

Kaa mwenye saa

Penye mikoko kuna somo jingine. Kwenye tope lililo kando ya michu na mikoko huishi kaa wadogo ambao dume lake lina gando moja kubwa lisilolingana na mwili wake. Maji yakikupwa madume hutoka na kupunga magando hayo hewani, kuwaita majike na kuwatisha madume wenzao. Watoto hushindana kuwakaribia. Anayetaka kushinda hujifunza upesi kwamba kaa huona mwendo na kivuli kuliko kitu kilichotulia. Hivyo husogea hatua moja, akasimama kama mti, akasogea tena. Maji yakikaribia kurudi, kaa huingia shimoni na wengi wao huziba mlango kwa tope.

Kaa hajuaje saa? Mtu angedhani kwamba huhisi maji tu. Lakini wataalamu waliowachukua kaa wa jamii hii na kuwaweka katika vyumba visivyokuwa na maji ya kupwa na kujaa waliona kwamba kwa siku kadhaa waliendelea kutembea na kupumzika kwa kufuata majira ya pwani walikotoka. Ndani ya miili yao mna saa. Watoto wa pwani hawakuwa na chumba cha utafiti, ila lile tukio la mwanzo, yaani kwamba kaa huingia kabla maji hayajafika, wanalifahamu vyema, na mara nyingi ugunduzi huanza kwa mtu aliyelitambua tukio la namna hiyo.

Macho, mifupa na nyayo

Faida za mwili zimechunguzwa zaidi kuliko za akili, na iliyo dhahiri kuliko zote inahusu macho. Katika miji mingi ya Asia ya Mashariki idadi ya watoto wasioona mbali imeongezeka mno katika vizazi viwili vilivyopita. Katika ugonjwa huo mboni nzima ya jicho hurefuka kupita kiasi, hata taswira ya kitu kilicho mbali ikaangukia mbele ya retina badala ya juu yake. Mwaka 2010 watafiti wa Guangzhou, nchini China, walichagua shule 12 za msingi. Katika nusu ya shule hizo, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Nusu nyingine ikaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, katika shule za kawaida watoto 39.5 kwa kila mia walikuwa wamepata ugonjwa huo. Katika shule zilizoongezewa dakika, 30.4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Dakika 40 si nyingi. Wataalamu wengi huamini kwamba kinachofanya kazi ni mwangaza wenyewe, ambao huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, na dopamini hiyo huzuia jicho lisirefuke. Mwangaza hupimwa kwa kizio kiitwacho laksi. Ndani ya darasa la kawaida aghalabu mna laksi mia chache tu. Nje, chini ya kivuli cha mwembe, hufika maelfu kadhaa, na penye jua kali huweza kufika 100,000. Kwa hiyo mtoto hana haja ya kukaa juani ili macho yake yafaidike. Kivuli cha mti kinamtosha. Jambo hili lina maana kubwa kwa Tanga, ambako jua la mchana ni kali mwaka mzima. Lina maana kubwa zaidi kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga dhidi ya mionzi ya jua, na ambaye mara nyingi hunyimwa mchezo kabisa badala ya kupewa kofia pana, nguo za mikono mirefu, na mahali pa kuchezea chini ya mti.

Kuhusu mifupa, inajulikana kwamba mionzi ya jua ikipiga ngozi hutengeneza vitamini D, ambayo huuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu ya chakula. Mtoto akikosa vitamini hiyo mifupa yake hulegea na miguu hupata matege. Lakini jua peke yake halitoshi. Huko Nigeria, nchi isiyokosa jua, watafiti walitangaza mwaka 1999 kwamba watoto waliokuwa na matege walipata nafuu kwa kupewa kalsiamu zaidi kuliko kwa kupewa vitamini D peke yake, kwa kuwa chakula chao kilikuwa na kalsiamu haba. Mtoto wa pwani anayecheza nje na kula dagaa wazima, mifupa na yote, amepata pande zote mbili.

Nyayo nazo zina habari yake. Mwaka 1992 waganga wawili wa India, Rao na Joseph, walichapisha uchunguzi wa watoto 2,300. Miongoni mwa waliozoea kuvaa viatu, 8.6 kwa mia walikuwa na nyayo bapa. Miongoni mwa waliotembea pekupeku, 2.8 kwa mia. Misuli midogo ya unyayo hupata nguvu kwa kushika mchanga, jiwe na mzizi, nayo ndiyo hulijenga tao la mguu.

Udongo wa Tanga si udongo wa Finland

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kuwa mwangalifu. Mwaka 2020 watafiti wa Finland walitangaza matokeo ya jaribio lao katika vituo 10 vya kulelea watoto. Nyua za baadhi ya vituo zilitandazwa udongo na mimea ya msituni, na watoto wakauchezea kila siku kwa muda wa siku 28. Walihusika watoto 75 wenye umri wa miaka 3 hadi 5. Bakteria wasiodhuru waliokuwa juu ya ngozi za watoto hao waliongezeka aina, na katika damu zao zilionekana dalili kwamba mfumo wa kinga ulikuwa umejidhibiti vyema zaidi. Habari hiyo imesifiwa mahali pengi kuwa ushahidi kwamba mtoto aachwe achafuke.

Yeyote anayetaka kuileta habari hiyo Tanga bila ya kuichuja atakosea sana. Udongo wa Finland hauna minyoo ya safura. Udongo wa pwani yetu unayo. Mayai ya minyoo hiyo hutoka katika kinyesi cha mtu, huanguliwa katika udongo wenye joto, unyevu na kivuli, na baada ya siku kama tano hadi kumi lava huwa tayari kupenya katika ngozi ya mguu usio na kiatu. Mguu uleule uliosifiwa punde hivi kwa tao lake ndio mlango wa ugonjwa unaomnyonya mtoto damu na kumfanya asinzie darasani. Basi afanyeje mzazi, avalishe viatu au avue? Jibu linategemea mahali. Mchanga wa ufukweni unaooshwa kila siku na maji ya chumvi na kukaushwa na jua si makazi ya lava hizo. Udongo wa kivulini nyuma ya nyumba, karibu na mahali watu wanapojisaidia, ndio makazi yao. Ufukweni pekupeku, migombani viatu; na choo kizuri kina thamani kuliko viatu vyenyewe.

Kichocho kinatoa mfano ulio bayana zaidi. Kichocho cha pwani, kile kinachomfanya mtoto akojoe damu, huhitaji konokono wa maji baridi. Konokono huyo hukaa katika mabwawa, madimbwi na mikondo ya maji yaendayo polepole; baharini hawezi kuishi. Hivyo mtoto anayeoga baharini Sahare hapati kichocho, na nduguye anayeoga bwawani kilomita chache kutoka hapo huweza kukipata kwa dakika chache za kuogelea. Isitoshe, lava za kichocho hutoka kwa wingi ndani ya konokono wakati jua lipo juu, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, yaani saa zilezile ambazo joto huwavuta watoto majini. Kuwakataza watoto "maji" kwa jumla ni agizo lisilotekelezeka pwani. Kuwaambia ni maji gani, na saa ngapi, ni agizo ambalo hata mtoto wa miaka saba analielewa, hasa akionyeshwa konokono mwenyewe kwa mbali, juu ya jani.

Bahari yenyewe

Baharini hatari kubwa si mnyama, ni maji. Wakati wa bamvua tofauti baina ya kupwa na kujaa katika pwani ya Tanga huzidi mita 3; wakati wa maji mafu huweza kuwa kama mita 1 tu. Fungu la mchanga lililo kavu saa tano huwa limefunikwa alasiri kwa kina kinachompita mtu mzima. Mtoto aliyekua akicheza ufukweni hulijua jambo hilo kama ajuavyo njia ya kwenda kwao. Mtoto wa mjini anayeletwa pwani siku ya Idi halijui, naye ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Ujuzi huo una kazi hata katika matukio yasiyo ya kawaida. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilizusha mawimbi ya tsunami yaliyovuka Bahari ya Hindi na kufika Afrika Mashariki mchana wa siku hiyohiyo. Nchini Tanzania watu wapatao kumi walikufa, wengi wao wakiwa ni waogeleaji katika fukwe za Dar es Salaam. Kabla ya wimbi kama hilo kupanda, mara nyingi bahari hurudi nyuma ghafla. Mtu asiyejua majira ya maji huona ni kupwa tu, na huenda akashuka kuokota samaki waliobaki. Anayejua kwamba saa hiyo maji yalipaswa kujaa huona kosa, na ana dakika chache za kukimbilia mlimani.

Wasichana wengi wa pwani hukua kando ya bahari pasipo kujifunza kuogelea, kwa sababu za stara na za kazi za nyumbani. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wasichana wamekuwa wakifundishwa kuogelea wakiwa na mavazi yanayofunika mwili wote, na wafunzi wao ni wanawake. Mpango kama huo hauhitaji vifaa vingi, na hakuna sababu ya kuufanya ubaki Unguja.

Wanyama wa kuhadhari ni wachache, na watoto wakubwa huwafahamu: taa aliyejizika mchangani, yavuyavu, samaki mwenye miiba ya sumu afananaye na jiwe, na miiba mirefu myeusi ya mwambani. Aliyechomwa na samaki atiwe mguu katika maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila ya kuungua, kwa kuwa joto huivunja sumu hiyo, kisha apelekwe hospitali. Yuko mmoja ambaye hata wakubwa humsahau. Ni konokono wa bahari mwenye kombe la umbo la pia, lililopambwa kwa michoro mizuri ya hudhurungi na nyeupe. Baadhi ya aina zake huchoma kwa mshale wenye sumu inayoweza kumwua mtu, na dawa ya kuizima sumu hiyo haipo. Kombe la umbo hilo lisiokotwe wala kutiwa mfukoni, hata likionekana tupu.

Kazi za kufanya

Kazi zifuatazo hazihitaji maabara. Ya kwanza ni ya bahari. Kikundi cha wanafunzi kichague mahali pa usalama, kisimike nguzo iliyotiwa alama kila sentimita 10, na kwa siku 15 mfululizo kiandike saa ambayo maji yamejaa kabisa na alama yaliyofikia. Wengi wamesikia kwamba maji huchelewa dakika 50 kila siku. Jedwali lao litaonyesha kwamba hiyo ni wastani tu: karibu na bamvua huchelewa pungufu ya hapo, na wakati wa maji mafu huchelewa zaidi. Wachore mchirizi wake, na kando yake wachore umbo la mwezi wa kila usiku.

Ya pili ni ya jua. Kijiti kilichosimama wima kiwanjani hutoa kivuli kifupi kuliko vyote jua linapofika juu kabisa. Mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini mwa Tanga na kivuli hutoweka. Wanafunzi wengi hungoja saa sita kamili. Wangojee zaidi kidogo: Machi hutoweka baada ya saa sita na nusu, na Oktoba karibu na saa sita na robo. Kwa nini iwe hivyo ni swali zuri la jiografia.

Shule zilizo mbali na bahari, Muheza au Handeni, zinaweza kuchukua kumbikumbi badala ya kaa. Waandikwe siku wanayotoka, saa, na mvua iliyonyesha kabla.

Ya mwisho ni ya watu. Wanafunzi wa sekondari wakusanye vitu ishirini vya pwani vilivyo salama kushikwa, kama majani ya mchu, mkoko na mkandaa, mbegu ya mkomafi, na makombe ya aina mbalimbali, kisha wawaombe watoto wa shule ya msingi iliyo jirani watoe jina na matumizi ya kila kimoja, mmoja mmoja, wenzake wasisikie. Majibu ya wavulana na ya wasichana yawekwe mbali, pamoja na umri wa kila mtoto na maelezo ya mahali anapocheza, ili yalinganishwe na yale ya Pemba. Halafu wanafunzi wenyewe nao wajibu maswali yaleyale, wakisimamiwa na mwalimu. Isishangaze iwapo mtoto wa darasa la pili atamshinda mwanafunzi wa kidato cha tatu; hesabu hiyo nayo iandikwe kama ilivyo.